Riwaya za Upelelezi: Asiyezisoma Asizihukumu



Wiki tatu zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, ndugu yetu mmoja alisimama mbele ya vijana wa mtaani kwetu, hapa Tanga, akawaonya juu ya riwaya za upelelezi. Alisema kuwa vitabu hivyo ni sumu. Kuwa anayesoma khabari za wauaji na wezi moyo wake hufa pole pole kama taa inayokwisha mafuta. Na kuwa mtu mzima anayempa kijana kitabu cha namna hiyo ni sawa na aliyemtilia sumu chakulani. Aliposema maneno hayo ya mwisho alinitazama mimi, na vijana wote wakageuka kunitazama, maana hapana asiyejua kuwa nyumbani kwangu liko kabati zima la vitabu hivyo na kwamba nawaazima wanaotaka. Sikumjibu pale. Msikiti una heshima yake, na yeye amenizidi umri. Leo namjibu.

Nilimfuata nje nikamwuliza: “Kaka, katika vitabu hivi umesoma kipi?” Akacheka, akasema: “Sumu haionjwi, Maalim.” Ni neno zuri, na vijana walilipenda. Lakini tulitazame. Sisi tunajuaje kuwa muhogo fulani ni mchungu na una sumu? Tunajua kwa kuwa wako wazee waliouchunguza, wakautenga na mtamu, na wakatufundisha alama zake. Hapana mzee aliyekataza muhogo wote. Angelifanya hivyo tungelikufa njaa.

Wala msomaji asidhani kuwa nimekuja kuvitetea vitabu vyote. Viko ambavyo mimi mwenyewe siviweki kabatini mwangu, na nitavitaja kwa majina. Ninachokipinga ni mtu kukihukumu kitu asichokitazama. Kosa hilo ni baya popote, lakini katika jambo hili khasa ni baya zaidi, kwani hilo ndilo kosa lenyewe ambalo riwaya nzuri za upelelezi zimekuja kulipiga vita.

Siku nne baada ya mawaidha yale, ndugu yetu huyo huyo alitutumia sote, katika simu zetu, picha ya kijana mmoja anatoka msikitini, na chini yake maneno kwa herufi kubwa: MWIZI WA VIATU. Mtu mmoja alikuwa amekosa makubadhi yake meusi, na kijana yule alionekana anatoka na makubadhi meusi. Basi. Picha ile kabla ya Magharibi ilikwisha fika Pangani. Baba yake kijana, mwuza samaki, alikaa siku mbili hakwenda sokoni kwa haya. Siku ya tatu ndipo alipotokea mtoto wa miaka kumi akauliza swali ambalo sisi wenye ndevu hatukuliuliza: “Mbona hapa pana makubadhi meusi mengine hayana mwenyewe?” Kijana alikuwa amebadilisha viatu kwa kukosea, akaacha vyake. Kama ni wizi, kingekosekana kiatu kisibaki kingine. Hapana hata mmoja wetu aliyevihesabu viatu vilivyobaki.

Ndugu yetu amekwisha kumtaka radhi yule mzee, Mungu amlipe kheri, na jina lake silitaji. Lakini nasema hivi: msomaji wa Bwana Msa angelivihesabu.

Sasa tuulize, riwaya ya upelelezi ni kitu gani? Wazungu huanza kuzihesabu tangu mwaka 1841, Mmarekani Edgar Allan Poe alipotoa hadithi yake ya mauaji katika nyumba moja ya Paris. Kisha mwaka 1887 akaja Mskoti Arthur Conan Doyle na Sherlock Holmes wake, na tangu hapo mlango ukafunguka. Ukizitazama zile nzuri, utaona zote zina umbo moja. Mtu ameuawa. Watu wameshtuka, na kwa ajili ya ile khofu wanataka apatikane mtu upesi. Anashikwa aliye karibu, au mgeni, au maskini, au aliyegombana na marehemu jana. Kila mtu ameridhika. Hapo anatokea mmoja anasema: ngojeni. Kitabu chote kilichobaki ni kazi ya neno hilo moja.

Je, jambo hilo ni geni kwetu? Anayesoma Sura ya Yusuf na aitazame ile kanzu. Ndugu zake walimletea baba yao kanzu yenye damu ya uwongo, na wafasiri wanatwambia kuwa mzee alistaajabu mbwa mwitu gani huyo mpole, aliyemla mtu asiipasue nguo yake. Kisha kanzu nyingine, katika nyumba ya mkubwa wa Misri, ikatazamwa imepasuka mbele au nyuma, na kwa mpasuko huo ikajulikana nani mkweli na nani mwongo. Huo ni ushahidi wa kitu kisichosema, umetangulizwa mbele ya maneno ya mwenye cheo. Na Ibnul Qayyim aliandika kitabu kizima juu ya hukumu kwa dalili na alama, zaidi ya miaka mia nne kabla ya kuzaliwa huyo Poe. Sisemi haya ili tujigambe kuwa kila kitu tulikuwa nacho. Nasema ili asije mtu akatwambia kuwa kutafuta dalili ni mchezo wa makafiri.

Watu wengi wanamjua Sherlock Holmes. Wachache wanajua aliyoyafanya yule aliyemtunga. Katika kijiji cha Great Wyrley, Uingereza, mwaka 1903, wanyama walikuwa wakipasuliwa matumbo usiku malishoni, farasi na ng'ombe na kondoo. Wanakijiji wakaingiwa na khofu, na penye khofu hutafutwa mtu. Akapatikana George Edalji, wakili kijana, ambaye baba yake alikuwa Mparsi wa Bombay aliyeingia Ukristo akawa padri wa kijiji hicho. Rangi yake, jina lake, ukimya wake, hata macho yake yaliyotokeza, vyote vikageuzwa ushahidi. Akahukumiwa miaka saba na kazi ngumu. Alipokaa mitatu akafunguliwa, hakuambiwa kuwa hana hatia, wala hakurudishiwa uwakili wake.

Mwanzo wa mwaka 1907 Conan Doyle akaagana naye wakutane katika hoteli moja ya London. Doyle alichelewa kidogo. Alipoingia akamwona kijana ameketi anamngoja, anasoma gazeti. Amelileta karibu mno na uso, tena ameligeuza upande. Doyle alikuwa daktari, na alipata kusomea maradhi ya macho. Akasimama mbali akamtazama, na kabla hawajapeana mikono alikwisha ijua nusu ya kesi. Mtu asiyeona vyema hatua chache mbele yake mchana kweupe, vipi atoke usiku wa giza na mvua, avuke njia ya reli na mashamba, amkate farasi, kisha arudi nyumbani, na askari waliowekwa kulinda wasimwone?

Doyle aliyaandika hayo gazetini kwa ukali. Mwaka ule ule serikali ikamfutia Edalji hukumu ya kukata wanyama, ingawa haikumlipa hata senti moja. Na mwaka huo huo wa 1907 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuweka mahakama ya rufaa kwa kesi za jinai, jambo ambalo halikuwako kabla, na kesi hii ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyolisukuma. Baadaye Doyle akamshughulikia mtu mwingine, Oscar Slater, Myahudi wa Kijerumani aliyehukumiwa Scotland mwaka 1909 kwa kuua bibi mmoja tajiri. Slater alikaa gerezani zaidi ya miaka kumi na minane. Hukumu yake ilifutwa mwaka 1928.

(Wala tusimfanye Doyle walii. Mtu huyo huyo, katika uzee wake, alidanganywa na wasichana wawili waliomwonyesha picha za majini madogo yenye mbawa, akayaandikia kitabu kizima mwaka 1922. Wasichana wenyewe walikuja kukiri mwaka 1983, wakiwa vikongwe, kuwa yalikuwa ni makaratasi. Hata mwalimu wa kuchunguza hupatwa pale anapopenda jambo liwe kweli.)

Atasema mtu: huo ni wema wa mtungaji, si wema wa kitabu. Sivyo. Tabia aliyoitumia katika hoteli ile ni ile ile aliyoiandika kwa miaka ishirini: tazama kwanza, nena baadaye. Na wasomaji waliomwunga mkono katika magazeti walikuwa wamejifunza tabia hiyo kwake.

Nije kwetu. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991, alimvaa Holmes kanzu, akamwachia kiko chake, akamwita Bwana Msa. Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilitolewa mwaka 1960. Maiti inaonekana mzimuni, na watu wanaukhofu mzimu. Ni wepesi ulioje kusema kuwa mzimu umeua! Hapana wa kukamatwa, hapana wa kuulizwa, na muuaji anakula wali wake kwa raha. Bwana Msa anautafuta mkono wa mwanadamu. Mimi naona kitabu hicho kimefanya kazi ambayo mawaidha yetu mengi juu ya ushirikina hayakuifanya, kwani sisi tulikataza tu, na yeye akaonyesha namna ya kuuliza. Katika nchi ambazo vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu kwa moshi wa jikoni, hiyo si kazi ndogo.

Sasa nitasema jambo ambalo kwa miaka mingi nimelisema nyumbani kwangu tu.

Mwaka 1985 nilikuwa nasomesha chuoni, kijana bado, fimbo haitoki mkononi. Fedha za mikeka zikakosekana katika kikopo cha bati zilimokuwa zikiwekwa. Palikuwa na mwanafunzi wa miaka kumi na mitatu, mwepesi wa kuhifadhi kuliko wote, ambaye wiki ile ile nilimkuta ameficha Kisima cha Giningi chini ya juzuu yake. Kwangu mimi ushahidi ulikamilika: anasoma vitabu vya wezi, basi ndiye mwizi. Nilimchapa mbele ya wenzake. Hakukiri wala hakulia, na kule kutolia kwake nikakuhesabu kuwa ni ugumu wa moyo wa mwizi. Angelilia, ningelihesabu kuwa ni woga wa mwizi. Kitabu nikakichukua.

Siku ya tatu akarudi kutoka Korogwe mzee aliyekuwa akituwekea hesabu, akauliza kama mikeka imefika. Fedha alizichukua yeye, kwenda kuinunua. Alisahau kutwambia.

Nilikwenda kwao kijana kutaka radhi. Mama yake alinipokea kwa adabu, akanipa kahawa. Kijana hakutoka chumbani. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na kabla mwezi haujaisha akahamishwa. Chuoni hakurudi tena, si kwangu wala, nilivyosikia, kwa mwalimu mwingine yeyote. Usiku ule nilikiwasha kibatari nikakisoma kitabu chake tangu mwanzo hata mwisho. Nilitaka kuona ile sumu. Nikaona kwamba mtoto yule alikuwa akijifunza kwa Bwana Msa kungoja, kitu ambacho mwalimu wake wa chuoni hakuwa nacho.

Ndiyo maana nikaanza kabati lile. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, lakini Kiarabu nilikuwa nacho, na wapiga chapa wa Kairo na Beirut walikuwa wamekwisha wafasiri karibu wote hawa, katika vitabu vidogo vya karatasi mbaya vinavyoingia mfukoni. Humo nilimsoma Agatha Christie, na humo nikamsoma Arsène Lupin, yule mwizi wa Kifaransa aliyeanza kutungiwa hadithi na Maurice Leblanc mwaka 1905, ambaye Waarabu walimpa jina la mwizi mcheshi.

Na huyu Lupin ndiye wa kwanza katika wale nisiowaazimisha watoto. Wengi hushangaa. Katika hadithi zake maiti ni chache, damu hakuna, lugha ni safi. Lakini humo wizi ni mtamu, anayeibiwa daima ni mjinga anayestahiki, na msomaji anafunga kitabu akitamani mikono ile myepesi. Mauaji katika vitabu hayamfundishi kijana kuua, maana moyo wenyewe unayakataa. Wizi wa kuchekesha haukataliwi na moyo.

Wa pili ni Mmarekani Mickey Spillane. Katika riwaya yake ya mwaka 1947, mpelelezi Mike Hammer anaapa tangu kurasa za mwanzo kuwa aliyemwua rafiki yake hatafika mahakamani. Atamwua yeye kwa mkono wake. Vitabu hivi viliuzwa kwa mamilioni, na vya namna yake vya James Hadley Chase, Mwingereza aliyeandika khabari za majambazi wa Marekani kwa msaada wa ramani na kamusi, vilijaa katika meza za vitabu vikuukuu hapa kwetu nilipokuwa kijana. Hapa ndugu yetu angelisema ni sumu ningelimwitikia amina. Lakini sumu yake haimo katika damu, imo katika mpelelezi aliyejifanya shahidi na kadhi na mnyongaji, kwa wakati mmoja, na msomaji anapigishwa makofi. Hicho ndicho kitabu cha wale wanaopiga kelele za mwizi sokoni na kumwua mtu kwa mawe kabla hajaulizwa jina lake. Nao wengi wao hawajapata kusoma kitabu chochote. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, ana msimulizi hodari na nia ya kuipigania Afrika, lakini maiti zake ni nyingi mno kwangu, na wanawake wake pia. Mtu mzima na asome akipenda.

Hata Agatha Christie, ambaye nampenda, nina neno naye. Bibi yule Marple wake ni kama bibi zetu wa mtaani: amekaa anafuma, haonekani kuwa na akili ya dunia, kumbe kila tabia ya mwanadamu amekwisha iona kijijini kwake. Lakini katika vitabu vyake vingi aliyeuawa hana wa kumlilia. Maiti imelazwa ili pawe na fumbo. Nikimpa kijana kitabu chake humwambia: ukimaliza, niambie marehemu alikuwa mtu gani. Mara nyingi hawezi.

Kwa hiyo nikamtafuta Maigret. Mwenyewe Georges Simenon, Mbelgiji, alianza kumtoa kwa jina lake mwaka 1931, akamwandikia riwaya sabini na tano. Maigret hana ujanja wa Holmes. Anakwenda nyumbani kwa marehemu, anakaa kitini pake, ananusa jiko lake, anazungumza na mpangishaji wake, mpaka anamjua kama jirani. Na akimpata muuaji, mara nyingi anamhuzunikia, wala hilo halimzuii kumkamata. Anakunywa pombe, ndiyo, tena sana. Nawaambia vijana: yeye anakunywa, ninyi msinywe, tumemwalika kwa kazi nyingine.

Kitabu ninachokiweka juu ya vyote ni cha Mmisri Tawfiq al-Hakim, Shajara ya Naibu wa Mwendesha Mashtaka Mashambani, cha mwaka 1937. Yeye mwenyewe alifanya kazi hiyo mashambani Misri. Mtu amepigwa risasi usiku, naibu anaamshwa usingizini, anapanda punda, anaandika karatasi juu ya karatasi. Na baina ya hayo kesi zinapita mahakamani: mkulima anatozwa faini kwa kufua nguo zake mferejini, naye haelewi kosa liko wapi, maana maji mengine hana, na sheria yenyewe imeletwa kutoka Ufaransa. Msomaji anaanza kitabu akimtafuta muuaji mmoja, na kabla hajafika mbali anaona dhulma iliyoenea katika daftari, yenye mihuri na saini. Kitabu kinachekesha, na kicheko chake kinauma. Siwezi kusema kinamalizika vipi.

Binti yangu, ambaye ni mwalimu wa Kiingereza, alinisomea kitabu cha Leonardo Sciascia wa Sicily, kilichotoka mwaka 1961. Alfajiri, basi linataka kuondoka. Mtu anakimbia kulidandia, anapigwa risasi, anaanguka. Basi limejaa watu. Askari wanapofika, abiria wamekwisha toweka mmoja mmoja, na aliyekuwa karibu kuliko wote ni mwuza bajia za dengu. Anapoulizwa nani amepiga risasi, yeye anastaajabu, anauliza: kwani kuna aliyepiga? Mimi nilicheka, kisha nikanyamaza, nikamwambia binti yangu arudie. Nilikwisha wahi kusimama karibu na soko, mwaka nisioupenda kuukumbuka, kijana amelala chini, na askari wakituuliza nani aliyempiga. Tulikuwa watu zaidi ya hamsini. Sote tulikuwa wauza bajia.

Na yuko Mjapani, Seichō Matsumoto, ambaye riwaya yake ya treni ilitolewa kitabu mwaka 1958. Mwanamume na mwanamke wamekutwa wamekufa ufukweni. Kila mtu anasema ni wapenzi waliojiua pamoja, jambo linalojulikana huko. Askari mmoja mzee, nguo zake zimechakaa, anakuta katika mfuko wa marehemu risiti ya chakula cha treni, ya mtu mmoja. Wapenzi wanasafiri kwenda kufa pamoja, na mmoja anakula peke yake? Kwa karatasi hiyo ndogo anaanza kuuvuta uzi, na uzi unakwenda hadi kwenye rushwa wizarani.

Msomaji ataona kuwa nimetaja nchi nyingi. Ni kwa makusudi. Anayesoma vya Uingereza peke yake hudhani kuwa ukimpata muuaji dunia imetengenea, kwani huko kitabu humalizika watu wakinywa chai. Sicily na Misri zitamwambia kuwa mara nyingine muuaji anajulikana na hapana wa kumgusa.

Limebaki jambo la kupendekeza. Siku hizi kila mtu anampendekezea mwenzake kitabu kwa neno moja: kinasisimua. Hata pilipili inasisimua. Kumwambia mtu “soma hiki” ni kutoa ushahidi, na shahidi husema aliyoyaona. Basi uwe umekisoma mpaka mwisho. Sema kina nini, na kina ubaya gani. Mtazame unayempa ana umri gani na amefiwa na nani karibuni. Mwanamke mmoja aliyeuliwa kaka yake alikuja kuniazima Christie, nikampa Maigret, wala sikumweleza sababu. Na mwisho usiseme. Mtu anayesimulia mwisho wa riwaya ya upelelezi amewaibia wawili, mtungaji na msomaji, na sijui atawalipa vipi.

Kijana anaporudisha kitabu namwuliza swali moja tu: ulimdhani nani, na kwa nini? Karibu wote huwa wamemdhani asiye. Mmoja alimdhani mtumishi kwa kuwa ni mtumishi. Mwingine alimdhani mgeni kwa kuwa jina lake halitamkiki. Wanacheka wakisema, nami nawaacha wacheke, lakini jina la yule waliyemdhulumu kwa dhana huwaandikisha katika daftari, kwa mkono wao. Daftari hilo sasa ni la tatu. La kwanza linaanza na jina langu mimi.

Ndugu yetu nimempelekea Mzimu wa Watu wa Kale kwa mkono wa mjukuu wake. Hajanijibu. Kitabu pia hajakirudisha, na mjukuu anasema kuwa taa ya babu haizimwi mapema baada ya Isha.

Kimoja tu katika kabati langu hakiazimwi, nacho ni Kisima cha Giningi. Kina jina la mwenyewe katika ukurasa wa kwanza, kwa wino wa buluu, mwandiko wa mtoto, na jani la mwembe limewekwa alipokuwa amefika. Leo ni mtu mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, kama yu hai. Nimeuliza Morogoro na Tabora kwa watu wa reli wa zamani, sikupata khabari. Kama gazeti hili litamfika: kitabu chako ninacho, jani sikulitoa, na nauli ya kuja kukichukua ni juu yangu.